Rambirambi za Mlezi Mkuu

Ilikuwapo nchi moja, na kama bado ipo, wenyewe wanajua ilipo. Ilikuwa na amani kubwa sana. Watu walipokutana njiani walizungumza habari za hali ya hewa tu, na hata hiyo waliisifu, mvua ikinyesha au isiponyesha.

Kwenye simu zao walikuwa kimya zaidi. Zamani hawakuwa hivyo. Zamani raia wa nchi ile waliandika mtandaoni kutwa nzima, wakimjadili waziri huyu, wakimcheka mbunge yule, wakiulizana barabara ya hospitali imeishia wapi. Kisha ikaja Sheria ya Maoni yenye Afya, na mtu wa kwanza kutibiwa na sheria hiyo alikuwa Fundi Mbaruku wa Mtaa wa Kisimani, mtengenezaji wa redio na pasi. Serikali ilikuwa imeweka mtandaoni picha ya daraja jipya. Fundi Mbaruku aliitazama sana picha ile, akaona daraja lakini hakuona mto, akaandika chini yake: "Mmh."

Hakuandika kingine. Kesho yake wanaume wawili wenye adabu walifika kibandani kwake, mmoja mtu mzima, mmoja kijana, wakamuuliza kama ile "Mmh" ilikuwa inapanda au inashuka. Kama ilikuwa inapanda, walimweleza, basi ni swali, na maswali hupelekwa ofisini saa za kazi. Kama ilikuwa inashuka, basi ni dharau. Fundi akasema hakumbuki. Wakamuomba afuatane nao wakamsaidie kukumbuka. Yaelekea anakumbuka hadi leo, maana hajarudi.

Tangu siku hiyo afya ya maoni iliimarika mno. Hakuna aliyeandika neno.

Sasa wakaja wageni kutoka mataifa rafiki, watu wenye vipimo vya kila kitu, kupima utayari wa raia kushiriki siasa mtandaoni. Wakapima mijini na vijijini, kisha wakatangaza kwamba katika nchi ile washiriki ni wawili: Mlezi Mkuu mwenyewe, mtawala wa nchi, ambaye hujipongeza kila asubuhi, na msemaji wake, ambaye humjibu, "Kabisa, Mheshimiwa."

Mlezi Mkuu aliumia moyo. Aliwaita mawaziri wake, akawauliza kwa uchungu:

"Mimi nimemkataza nani kusema? Semeni! Sijawahi kumkataza mtu kusema. Nimewaadhibu tu waliosema."

Mawaziri wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Siku hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Utayari wa Raia, akapewa Dokta Kisarazo, msomi ambaye shahada zake zilijaa kwenye kibao cha mlangoni hadi kibao kikatiwa bawaba, kikunjwe, mlango upate kufunguka.

Dokta Kisarazo alianza kwa kugawa bando la bure. Raia walilipokea kwa shukrani, wakatazamia mpira. Akatangaza zawadi ya jokofu kwa atakayetoa maoni bora. Mtu mmoja alitoa maoni, akashinda, na aliposikia jina lake redioni akatoroka mjini, na jokofu halijapata mwenyewe hadi leo. Mwisho Dokta aliwaagiza maafisa wake wajiite majina ya bandia na kubishana wao kwa wao mtandaoni, ili raia waone raha waingie. Maafisa walibishana kwa bidii. Kwa kuwa hakuna aliyejua mwenzake ni nani, walikamatana wote, na mahabusu ikajaa watu waliokuwa wakipigiana saluti.

*

Huko Mtaa wa Kisimani aliishi mjane mmoja, Bi Kidawa, mkodishaji wa maturubai, mikeka na masufuria makubwa ya shughuli. Kwa kazi yake hiyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa grupu la msiba la mtaa, grupu la kwenye simu ambamo taarifa za vifo hupelekwa. Siasa hazikuingia mle. Bi Kidawa alikuwa mwoga, na hakuona aibu kusema hivyo. Kila akipita mbele ya picha ya Mlezi Mkuu dukani, husema "Shikamoo," kwa tahadhari tu.

Lakini kwenye msiba hakuwa na mpinzani. Desturi ya mtaa ilikuwa hivi: ikiingia picha ya marehemu, yenye ukingo mweusi na mshumaa pembeni, kiongozi huandika rambirambi ya kwanza, na wengine wote humfuata papo hapo. Kuchelewa ni aibu. Kunyamaza ni kubaya zaidi, maana anayenyamaza kwenye msiba wa mwenzake, naye siku yake ikifika, atakuta simu yake imenyamaza, kaburi halina mchimbaji na sufuria halina mpishi. Kwa hiyo watu waliandika kwanza, wakasoma baadaye kama kuna nafasi. Wapo waliotoa pole kwa wiki nzima kabla hawajajua aliyekufa ni nani.

Mtafiti mmoja wa wizara aligundua jambo hili. Alimwendea Dokta Kisarazo mbio.

"Mheshimiwa, wanaandika! Wanaandika kwa maelfu! Lakini misibani tu."

Dokta alifikiri kwa muda mrefu, kama inavyompasa mtu wa elimu yake.

"Wakiwekewa nini?"

"Picha, Mheshimiwa. Ina ukingo mweusi, ua, na mshumaa."

"Basi ni ule ukingo," Dokta akasema. "Ukingo ndio unaowapa utayari. Leteni picha ya Mlezi Mkuu."

*

Picha iliingia kwenye magrupu yote ya nchi kwa wakati mmoja, mchana, Bi Kidawa akiwa jikoni anakoroga ubwabwa. Miwani ilikuwa chumbani. Alichokiona ni mwanamume mnene, ukingo mweusi, maua mawili na mshumaa unaowaka. Chini palikuwa na maandishi kwamba Mlezi Mkuu, kwa unyenyekevu mzito, amekubali ombi la wananchi aendelee kuwalea kwa kipindi kingine. Maandishi hayo Bi Kidawa hakuyaona. Alipangusa kidole kwenye kanga, akaandika:

"Tumepokea kwa masikitiko makubwa. Poleni sana wafiwa. Alikuwa mtu wa watu. Mungu amlaze pema. Maturubai yapo."

Akarudi kwenye ubwabwa wake. Nyuma yake mtaa mzima ukafuata: poleni sana, poleni sana, tangulia baba, sote njia moja. Kila mmoja wao alikuwamo kwenye magrupu mengine, ya ukoo, ya kazini, ya kwaya, ya madrasa, na huko nako hakutaka kuonekana amechelewa. Hata ubwabwa haujakauka maji, nchi nzima ilikuwa inalia.

Aliyemshtua ni jirani yake, Bi Mashavu, mke wa Fundi Mbaruku. Huyu alikuwa na ulimi mkali tangu usichana wake, na mumewe alipochukuliwa ulimi haukupungua ukali ila ulikosa wa kumchoma.

"Wee Kidawa! Umemzika nani?"

"Sijui, shoga. Baba mmoja mnene. Kwani wa kwetu?"

"Vaa miwani, mwanamke!"

Bi Kidawa akavaa miwani. Akasoma mara ya kwanza akadhani macho yamemdanganya. Aliposoma tena akakaa chini pale pale, juu ya gunia la mkaa.

"Nifute," alinong'ona. "Nifute upesi."

"Ukifuta inabaki alama kwamba umefuta. Watauliza ulificha nini."

"Basi niandike kwamba nimekosea."

"Utakuwa umesema Mlezi Mkuu, picha zake zimejaa mpaka chooni sokoni, wewe humjui kwa sura. Hilo ni kosa jingine."

Wakatazamana. Ubwabwa ukaanza kuungua, na hakuna aliyeinuka.

"Mashavu, mwenzangu, nifanyeje?"

Bi Mashavu alisema jambo ambalo kwa muda mrefu lilikuwa limemkaa kooni.

"Mtu usiyemjua umemlilia kabla hujavaa miwani. Mume wangu alipochukuliwa, kidole chako kilikuwa na jipu?"

"Fundi hakufa, shoga. Ningeandika nini? Hakuna pole ya mtu asiyekufa."

"Mmenyamaza grupu zima. Nikipita, mnainama kufunga viatu, hata wenye ndala. Leo wakija kukuchukua wewe, nani ataandika?"

Nje lilisikika gari likipunguza mwendo. Lilikuwa jeupe, lenye vioo vyeusi, na lilisimama kwa upole mbele ya mlango.

*

Wizarani walimkalisha kwenye kiti cha ngozi, wakamletea soda na biskuti kwenye sahani yenye maua. Soda ile ilimtisha kuliko pingu. Pingu ungejua maana yake.

Dokta Kisarazo aliingia akiwa anatabasamu, lakini jasho lilikuwa limemlowesha kola. Alifunga mlango mwenyewe, akajaribu kitasa kama kweli kimefunga.

"Bi mkubwa, hongera na pole."

"Ipi kwanza, mwanangu?"

"Ndiyo tunataka kujua." Akakaa. "Umevunja rekodi. Wageni wenye vipimo wamepiga simu, wanasema hawajapata kuona utayari kama huu duniani. Mlezi Mkuu alifurahi, akacheka, akasomewa maoni akiwa anakunywa chai. Akasomewa 'alikuwa mtu wa watu', akapenda. Kisha akauliza..." Dokta akapunguza sauti. "Akauliza, 'Kwa nini alikuwa?'"

Akageuka kukitazama tena kitasa.

"Hakuna aliyemjibu. Nimepewa hadi Ijumaa. Na huko wilayani mambo yameharibika. Mkuu wa wilaya mmoja ameshusha bendera nusu mlingoti, akachinja na ng'ombe. Alipomsikia Mlezi Mkuu akihutubia redioni, alianguka, na mpaka sasa hataki kuamka."

"Nilikosea, Mheshimiwa. Sikuwa na miwani."

"Usirudie tena neno hilo humu ndani!" Dokta aliinuka nusu. "Taifa zima haliwezi kukosea. Likikosea, kuna aliyelikosesha, na aliyetengeneza ule ukingo ni... ni idara fulani. Sikiliza, mama. Rambirambi zimetoka. Lazima pawe na marehemu, na asiwe yeye. Nisaidie. Nani amekufa?"

Bi Kidawa alimtazama yule msomi akitetemeka, na badala ya kupata faraja aliogopa maradufu. Kama hata huyu anaogopa, alijiuliza, basi humu ndani nani hana hofu?

"Uvivu?" Dokta alijisemea. "Hapana, wataniuliza ni wizara gani iliyouua. Umaskini? Hapana, huo tuliuzika kwenye bajeti ya mwaka jana." Ghafla akapiga meza. "Ukimya! Ukimya umekufa! Raia walikuwa kimya, sasa wanaandika. Ukimya umefariki dunia, na taifa limetoa pole. Utauzika, bi mkubwa. Utauzika kitaifa, kwa maturubai yako!"

Alifurahi kiasi cha kunywa ile soda yeye mwenyewe. Kisha, kwa kuwa alibaki kuwa mtafiti, akauliza:

"Lakini niambie kwa faida ya sayansi. Kitu gani kinawafanya ninyi muwe tayari kuandika? Ukingo, sivyo?"

"Sivyo, mwanangu. Nakuandikia wewe leo ili kesho uniandikie mimi. Mtu akijua ataitikiwa, anasema. Akijua ataachwa peke yake, ananyamaza. Ndiyo hivyo tu."

"Mshumaa basi," Dokta alisema. "Nilihisi ni mshumaa."

Akamweleza yatakayofuata. Siku ya maziko Bi Kidawa angekaa jukwaani na simu yake, na skrini kubwa ingeonyesha anachoandika. Angeandika hivi: "Sasa tuko tayari. Asante Mlezi Mkuu." Taifa lingemfuata, kama ilivyo desturi.

"Ukiandika hivyo unarudi nyumbani na masufuria yako. Usipoandika..." Dokta hakumaliza. Alitazama tu chupa tupu ya soda.

Bi Kidawa alikaza ule moyo mdogo aliokuwa nao.

"Mheshimiwa, Fundi Mbaruku wa mtaani kwetu yuko wapi?"

"Huyo," Dokta alisema huku akikunja kibao chake mlangoni ili atoke, "hayumo katika utafiti wetu."

*

Maziko ya Ukimya yalifanyika kwenye uwanja wa mpira. Watu walijaa, maana hakuna aliyetaka kuhesabiwa kwamba hakuja. Jeneza halikuwa na kitu, na wabebaji walikuwa wameamriwa kuonyesha uzito, kwa hiyo walilibeba wakiyumba na kugugumia hadi mmoja akateguka kweli. Wanawake wa Mtaa wa Kisimani waliletwa na basi la wizara, wakaketishwa juu ya mikeka mbele ya jukwaa, ili msiba uonekane msiba. Waliambiwa walie kwa kiasi.

Mlezi Mkuu alihutubia kwa kirefu.

"Marehemu Ukimya nilimfahamu," alisema. "Alianza kuishi nasi polepole, tukamzoea. Wapo wanaosema mimi ndiye niliyemlea. Nawasamehe. Na leo nasema, mtandao uko wazi! Semeni! Serikali yenu inasikiliza, na vifaa vya kusikilizia tumeshanunua."

Makofi yakapigwa. Dokta Kisarazo akamgusa Bi Kidawa begani. Kwenye skrini kubwa likatokea grupu la msiba la Mtaa wa Kisimani, na mstari mtupu unaosubiri.

Bi Kidawa aliinua simu. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyekuwa akiosha samaki. Alitaka kurudi nyumbani. Hakutaka kitu kingine duniani zaidi ya jiko lake na gunia lake la mkaa. Akaandika "Sasa", na uwanja mzima ukasoma "Sasa". Akainua macho kutafuta nguvu ya neno la pili, yakaangukia mikeka. Pale mbele alikaa Bi Mashavu. Pande zote za Bi Mashavu palikuwa na nafasi tupu, upana wa mtu kila upande. Hata leo, hata hapa, hakuna aliyethubutu kukaa karibu naye.

Kidole kikafuta lile neno. Kikaandika:

"Fundi Mbaruku wa Kisimani yuko wapi? Pole Mashavu."

Uwanja ulinyamaza. Ukimya waliokuja kuuzika ulirudi na kukaa mahali pake. Bi Kidawa alisubiri. Kwenye skrini hapakuja kitu. Tazama, alijiambia, hakuna atakayeitikia, nimekwisha. Ndipo ukaingia mstari mmoja, wa mwanamke auzaye maandazi: "Pole Mashavu." Kisha mwingine, na mwingine, maana kuchelewa ni aibu: "Pole sana mama. Fundi yuko wapi?" Baadaye yakaanza kuingia majina ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza. Kaka yangu Shomvi yuko wapi. Mwalimu Nzota yuko wapi. Skrini ikawa inakimbia hadi haisomeki.

Ikazimika. Mtandao ulizimwa nchi nzima, na msemaji alisikika akisema kwenye kipaza sauti kwamba ni hitilafu ya furaha.

Bi Kidawa hakujua ameshukaje jukwaani. Miguu yake ilimpeleka ilikozoea. Ilimfikisha kwenye mikeka, akavua ndala, akakaa ubavuni mwa Bi Mashavu kwenye ile nafasi tupu.

"Umechelewa," Bi Mashavu alimwambia bila kugeuka.

"Nimechelewa, shoga."

Wanawake wengine wakasogea. Walisogea kwa makalio, polepole, bila kuinuka, hadi wale wawili wakawa katikati, wamezungukwa kama wanavyozungukwa wafiwa.

Maafisa walikuja kwa haraka, wakafika ukingoni mwa mkeka, wakasimama. Wote walikuwa na buti. Walikuwa watu waliozoea kuvunja milango, lakini kila mmoja wao alilelewa na mama, na hakuna mama wa nchi ile ambaye hajampiga mwanawe kofi kwa kukanyaga mkeka wa msiba na viatu. Wakatazama buti zao, zenye kamba ndefu za kufungwa hadi juu ya kifundo. Wakatazamana. Nyuma yao mkubwa wao alikuwa anafoka, "Mnangoja nini?" na hakuna aliyeweza kumweleza.

Kisha mmoja, kijana, akainama akaanza kufungua kamba. Bi Mashavu alimfahamu. Alikuwa mmoja wa wale wawili wenye adabu waliokuja kibandani siku ile.

"Ndiye huyu," alinong'ona, na mkono wake ukaushika wa Bi Kidawa hadi ukauma.

Buti la kwanza likatoka. Soksi ilikuwa imetoboka kidole. Buti la pili likatoka. Bi Kidawa akafumba macho. Alisikia mkeka ukibonyea, hatua kwa hatua, ukimjia, kisha ukabonyea zaidi, kama unavyobonyea mtu anapokaa.

"Poleni," sauti ilisema karibu sana na sikio lake.

"Tumeshapoa," alijibu, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu.

Yule kijana alikuwa akitazama miguu yake. Alisema haraka, midomo haifunguki, kama mtu anayeogopa kusikiwa na vyeo vilivyo mabegani mwake mwenyewe:

"Msimlilie, mama. Yu hai."

Bi Mashavu alishika kanga akajifunika uso. Uwanjani hakuna aliyesogea, na kando ya jukwaa gari jeupe lilikuwa bado linangoja, mlango wake umefunguliwa.

"Mmh," Bi Kidawa alisema.

Na yule afisa, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakuuliza kama ilikuwa inapanda au inashuka.